Maji ya Kifuu: Historia ya Kuwahesabu Viumbe Wadogo wa Bahari ya Kusini

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hiyo hutajwa kumkumbusha mwenye nguvu kwamba jambo analoliona dogo huweza kuwa zito kwa mnyonge. Ipo, hata hivyo, historia moja ya elimu ya bahari inayoipa methali hiyo maana nyingine. Ni historia ya watu walioteka kifuu cha maji katika bahari isiyo na ukomo, wakahesabu viumbe waliomo kimoja baada ya kimoja, kisha wakathubutu kusema habari za bahari nzima. Mambo hayo yalitendeka mbali kabisa na minazi, katika maji ya baridi yanayoizunguka Antaktika. Gharama yake ililipwa kwa mafuta ya nyangumi, na faida yake ikaja kuonekana pale ambapo waliolipa hawakuitazamia.

Yafaa kuanza na jina. Mwaka 1887 mtaalamu Mjerumani Victor Hensen, wa Chuo Kikuu cha Kiel, alihitaji neno moja la kuwakusanya viumbe wote wanaoelea majini wasio na nguvu ya kushindana na mkondo. Alilipata katika Kigiriki: planktoni, yaani kile kinachotangatanga. Asili yake ni kitenzi kilekile alichokitumia Homer katika mistari ya mwanzo ya Odisi, anapomtambulisha shujaa wake aliyepotezwa na bahari. Hivyo neno la maabara lilizaliwa na shairi. Mimea inayoelea ikaitwa planktoni mimea, na wanyama wanaoila mimea hiyo, au wanaolana wao kwa wao, wakaitwa planktoni wanyama.

Hensen hakuishia kwenye jina. Mwaka 1889 aliongoza safari ya meli National katika Bahari ya Atlantiki, akateremsha wavu wa hariri na kuupandisha wima, huku akijua umepita katika maji kiasi gani. Hoja yake ilikuwa kwamba bahari ni kama shamba: mkulima hahesabu kila punje, bali hupima jaruba chache akajua mavuno. Ernst Haeckel, bingwa mwingine wa Ujerumani, aliipinga hoja hiyo mwaka 1890. Kwake yeye viumbe vya bahari havikusambaa sawasawa kama mtama shambani, bali hukusanyika hapa na kutoweka pale, na anayehesabu kifuu kimoja akatangaza bahari nzima hujidanganya. Ugomvi huo wa mabwana wawili ndio uliobebwa na kila chombo kilichokwenda kupima viumbe wadogo wa bahari za ncha za dunia. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki.

Upande wa kaskazini kazi ilianza mapema. Fridtjof Nansen alipoiacha meli yake Fram ikamatwe na barafu ya Aktiki na kuchukuliwa na mkondo, kati ya 1893 na 1896, nyavu ndogo zilishushwa majini chini ya barafu, na gamba-laini waliopatikana humo wakaelezwa na G. O. Sars katika kitabu cha mwaka 1900. Mwaka 1937 Warusi wanne walitua juu ya barafu karibu na ncha ya kaskazini, wakachukuliwa nayo kwa miezi tisa. Mmoja wao, Pyotr Shirshov, alitoboa barafu akashusha wavu, akathibitisha kwamba hata pale kwenye giza na baridi wamo wanaoishi. Lakini kazi kubwa kuliko zote, iliyodumu robo karne na kujaza makabati kwa makabati ya chupa, ilifanyika kusini. Huko ndiko kulikokuwa na nyangumi.

Mnamo Novemba 1904 nahodha Mnorwe Carl Anton Larsen alifungua kituo cha kuchakata nyangumi mahali paitwapo Grytviken, katika kisiwa cha South Georgia. Chusa la kale la kurusha kwa mkono lilikuwa limekwisha kuachwa; mahali pake palikuwa na chusa la mzinga lenye baruti kichwani, na meli ya mvuke iliyoweza kumfukuza nyangumi mwenye kasi. Mafuta yake yalitengenezwa sabuni na majarini, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza yakatoa gliserini ya kutengenezea baruti. Nyangumi wenye nundu, ambao hupenda kukaa karibu na pwani, walikuwa wa kwanza kuadimika. Waingereza, waliokuwa wakivitawala visiwa vile, walitoza ushuru kwa kila pipa la mafuta. Wakaanza kuingiwa na hofu ya mwenye ng'ombe anayekamua bila kujua malisho yako wapi. Nyangumi hula nini? Chakula hicho hupatikana wapi, kwa wingi gani, na katika miezi gani? Hapakuwa na aliyejua.

Jibu la swali la kwanza lilikuwa jepesi kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye sakafu ya Grytviken wakati tumbo la nyangumi lilipopasuliwa. Lilimwagika rundo la wekundu, viumbe wa urefu wa kidole, wenye macho meusi na miguu mingi. Wanorwe waliwaita krili, neno ambalo kwao humaanisha samaki wachanga. Mtaalamu Mmarekani James Dwight Dana alikwisha kuwapa jina la kitaalamu, Euphausia superba, mwaka 1850. Msomaji wa pwani atawafahamu kwa haraka akikumbuka uduvi. Krili si uduvi kwa ukoo, lakini ni jamaa kwa sura na kwa mwendo: mdogo, mwenye gamba jembamba, asiyeonekana thamani akiwa peke yake, na ambaye thamani yake yote iko katika wingi. Hutofautiana naye kwa ukubwa, maana hufika sentimita 6, na kwa umri, maana huweza kuishi miaka 5 au zaidi katika maji yanayokaribia kuganda. Kundi lake moja huweza kuwa na maelfu ya wenzake ndani ya kila mita moja ya ujazo, hata maji yakageuka rangi.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Discovery, na fedha zake zikatoka katika ushuru uleule wa mafuta. Ikanunuliwa meli ya mbao iliyoundwa Dundee mwaka 1901 kwa ajili ya safari ya Kapteni Scott, iitwayo Discovery. Ilikuwa na matanga na mtambo wa mvuke, nzito, ya polepole, yenye kuyumba vibaya mno. Kiongozi wa wataalamu alikuwa Stanley Kemp, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi India akichunguza wanyama wa majini. Mkuu wa elimu ya wanyama alikuwa Alister Hardy, kijana aliyezaliwa Nottingham mwaka 1896, mwenye kupenda brashi ya rangi sawa na alivyopenda hadubini. Wakang'oa nanga mwaka 1925. Wenzao wengine, N. A. Mackintosh na J. F. G. Wheeler, walibaki nchi kavu Grytviken katika maabara ndogo, wakawapima nyangumi walioletwa na wavuvi. Walipochapisha ripoti yao mwaka 1929 walikuwa wamekwisha kuwachunguza nyangumi 1,683 wa aina mbili kubwa, bluu na wa pezi: urefu wao, mimba zao, umri wao, na kilichomo matumboni. Katika matumbo ya South Georgia palikuwa na jibu moja tu, krili.

Baharini kazi ilikuwa ya namna nyingine. Meli ilisimama mahali palipopangwa, ikaitwa kituo, ingawa hapakuwa na chochote cha kukitambulisha ila nambari katika daftari. Kwanza hupimwa kina, joto la maji na chumvi yake. Kisha hushushwa nyavu. Zilikuwa nyavu za umbo la pia, zimeshonwa kwa hariri ileile waliyoitumia wasagaji kuchekechea unga, maana hapakuwa na kitambaa kingine chenye matundu madogo yaliyolingana namna ile. Wavu wa wanyama wadogo ulikuwa na mdomo wa upana wa sentimita 70, na wa wanyama wakubwa zaidi mita 1. Wavu wa sentimita 70 ulishushwa hadi kina cha mita 1,000, ukapandishwa wima hadi mita 750 na kufungwa. Kisha ukarudishwa kuvua kutoka 750 hadi 500, kutoka 500 hadi 250, kutoka 250 hadi 100, kutoka 100 hadi 50, na mwisho kutoka 50 hadi usoni pa maji. Hivyo bahari ilikatwa matabaka sita kama mkate, kila tabaka na chupa yake.

Namna ya kuufunga wavu chini ya maji ina ladha ya hadithi. Kizito cha shaba kiliachiwa kiteremke peke yake kwenye waya hadi kikaugonge mtambo wa kufungia. Hapo wavu ulining'inia kwa kamba iliyoukaba shingo, na maji ya tabaka la juu yasiingie tena. Kizito hicho kiliitwa mjumbe. Alikwenda gizani akiwa na ujumbe wa neno moja, "Funga", na aliye juu, mkono wake ukiwa juu ya waya, aliusikia mtikisiko mdogo akajua ujumbe umefika. Kazi hiyo ilifanyika mchana na usiku, barafu ikiganda juu ya waya na vidole vikifa ganzi.

Baada ya kuvua ikaja kazi ya kuhesabu, na hiyo ndiyo iliyokula miaka. Chupa moja huweza kuwa na viumbe makumi ya maelfu: kopepodi wa umbo la punje ya mpunga, mabuu ya krili, funza-mshale wanaopenyeka kama kioo, salpa walio kama mapovu ya utelezi. Hawahesabiki wote. Mhesabuji aliwaondoa kwanza wakubwa, akayakoroga yaliyobaki katika maji ya kipimo maalumu, akateka sehemu ndogo kabla hawajatuama, akaimwaga juu ya kioo chenye mistari, akahesabu chini ya hadubini aina kwa aina. Kisha akazidisha. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa kibaba ndicho kilichogawanywa tena kuwa haba, ili mwanadamu aweze kukishika. Hardy, kwa upande wake, aliwachora kwa rangi wangali hai, maana formalini huhifadhi umbo na kuua rangi. Michoro yake ilikuja kuchapishwa katika kitabu alichokiandika miaka mingi baadaye, mwaka 1967, kuhusu safari hiyo.

Ugomvi wa Hensen na Haeckel ulipanda melini pamoja nao. Wavu ukishushwa hapa huleta krili ndoo nzima. Ukishushwa maili moja mbele huleta watatu. Je, wavu wa pili ni kweli au ni bahati mbaya? Hardy aliona kwamba kama bahari ina mawaa kama ngozi ya chui, anayeigusa kwa ncha ya kidole hatajua kamwe kama ni chui au ni punda. Akabuni chombo cha kuvutwa nyuma ya meli inayokwenda. Maji huingia kwa tundu dogo mbele na kukutana na utepe wa hariri unaosogea polepole. Viumbe hunaswa, utepe wa pili huwafunika, na zote mbili hujiviringisha ndani ya tangi la formalini. Kinachoisukuma hariri ni parapela ndogo inayozungushwa na maji yenyewe, hivyo kila kipande cha utepe ni sawa na umbali fulani wa bahari. Wavu wa zamani ulikuwa kama neno moja moja. Chombo hiki kiliandika mstari mzima bila kuinua kalamu. Alikijaribu kwa mara ya kwanza katika safari ya Discovery, akakirekebisha aliporudi, na tangu 1931 kikaanza kuvutwa na meli za biashara katika Bahari ya Kaskazini. Chombo hicho kingali kikitumika, na tangu 1991 kimekuwa kikivutwa kwa utaratibu katika Bahari ya Kusini chini ya uongozi wa Australia.

Mwaka 1935 Hardy na mwenzake Rolfe Gunther walichapisha kazi yao kubwa juu ya planktoni wa maji ya South Georgia. Ndani yake mlikuwa na fumbo. Pale ambapo mimea midogo ilisongamana hadi kuyatia maji rangi ya kijani, wanyama walikuwa haba. Na pale wanyama walipojaa, mimea ilikuwa imepungua. Hardy alidhani mimea iliyosongamana huwafukuza wanyama, labda kwa kuyachafua maji. Wengine walisema jambo ni jepesi zaidi: mahali ng'ombe walipopita, majani yameliwa. Rai hiyo ya pili ndiyo iliyopata wafuasi wengi. Lakini kosa la Hardy lilikuwa kosa lenye manufaa, kwa sababu lilitokana na kutazama kwa makini jambo ambalo wengine hawakuwa hata wamelihesabu.

Mackintosh, mwaka 1937, alifumbua jambo jingine ambalo mtu wa upepo wa kusi na kaskazi atalielewa upesi kuliko mwingine. Maji ya usoni pa Bahari ya Kusini hutiririka kuelekea kaskazini, na maji ya kina hutiririka kuelekea kusini. Viumbe wanaotangatanga, wasioweza kushinda mkondo, wangepaswa kuchukuliwa wote na kumwagwa katika maji ya joto ambako wangekufa. Mbona hawaishi? Alipopanga hesabu za chupa kwa miezi na kwa matabaka, aliona kwamba kopepodi na funza-mshale kadhaa hukaa juu wakati wa kiangazi, wakachukuliwa kaskazini, na majira ya baridi huzama mamia ya mita, wakarudishwa kusini na mkondo wa chini. Ni mabaharia wasio na tanga wala kasia; werevu wao wote ni kujua lini washuke ghorofa ya chini ya bahari na lini wapande. Majahazi ya Bahari ya Hindi yaliungoja upepo ugeuke. Viumbe hawa hawaungoji: wao ndio wanaohama kutoka upepo mmoja kwenda mwingine, na pepo zote mbili zinavuma wakati mmoja, moja juu ya nyingine.

Krili wana mzunguko wao. Majike hutaga mayai kwa maelfu, na mayai huzama kwenye giza la mamia ya mita kabla ya kuanguliwa. Buu aliyezaliwa huko huanza safari ndefu ya kupanda, akibadilika umbo njiani mara baada ya mara, hadi afike kwenye mwanga na chakula. Aliyeikusanya habari hii yote ni James Marr, mtu ambaye mwaka 1921, akiwa skauti kijana wa Kiskoti, alichaguliwa kusafiri na Shackleton katika safari yake ya mwisho. Maandishi ya Marr juu ya krili yalitoka mwaka 1962, yakiwa na mamia ya kurasa. Humo alionyesha kwamba krili wameizunguka Antaktika yote, lakini hawakugawanyika sawa: walio wengi wamo upande wa Atlantiki, katika maji yanayotoka Bahari ya Weddell kuelekea South Georgia.

Huo ndio upande wa nuru wa hadithi. Upande wa giza ni kwamba elimu ilikuwa ikienda kwa tanga na kifo kikienda kwa mvuke. Mwaka uleule wa 1925, Discovery ilipokuwa ikifunga safari, meli ya Kinorwe Lancing ilianza kazi ikiwa na mteremko tezini wa kumpandishia nyangumi mzima hadi sitahani. Tangu hapo mvuvi hakuhitaji bandari, wala leseni ya mtawala wa kisiwa, wala kulipa ushuru wa pipa. Kamati iliundwa ili serikali iweze kuwawekea wavuvi mpaka kwa kutumia elimu; wavuvi wakahamia mahali pasipo na mpaka. Katika msimu wa 1930–31 peke yake waliuawa nyangumi bluu zaidi ya 29,000. Discovery II, meli mpya ya chuma iliyoanza kazi mwaka 1929, iliizunguka Antaktika nzima katika baridi ya mwaka 1932 ikihesabu chakula cha nyangumi, huku walaji wenyewe wakipungua kwa kasi isiyowahi kuonekana. Kufikia miaka ya 1970 nyangumi bluu wa Antaktika, waliokuwa zaidi ya laki mbili, walikadiriwa kubaki mamia machache. Katika karne ya 20 nusu ya kusini ya dunia ilipoteza nyangumi wa aina zote zaidi ya milioni 2.

Wahesabuji nao hawakusalimika. Gunther alikufa mwaka 1940 akiwa jeshini. Nyumba ya Kemp pamoja na maktaba yake iliteketea kwa mabomu mjini Plymouth mwaka 1941. Yeye mwenyewe akafariki 1945. Safari ya mwisho ya Discovery II kwa kazi hii ilimalizika mwaka 1951. Ripoti ziliendelea kutoka hadi zikatimia juzuu 37. Aliyezitazama wakati huo angeweza kusema kwa haki kwamba ni makaburi yaliyojengwa vizuri: hesabu kamili ya chakula cha wageni ambao hawatakuja tena mezani.

Lakini chupa hazikumwagwa, wala madaftari hayakuchomwa. Miaka ilipopita swali lilibadilika. Halikuwa tena "Nyangumi wangapi waweza kuuawa?" bali "Bahari inabadilika namna gani?" Na kwa swali hilo hapakuwa na shahidi mwingine wa zamani ila wavu wa hariri. Mwaka 2004 Angus Atkinson na wenzake walikusanya matokeo ya nyavu za nchi nyingi, kuanzia vituo vya Discovery vya mwaka 1926, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya krili wote wamo kusini-magharibi mwa Atlantiki, kama Marr alivyosema, na kwamba humo wamepungua tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 wakaonyesha kwamba kitovu cha makazi yao kimesogea kusini takriban kilomita 440 katika miaka 90, yakikimbia maji yanayopata joto na kuifuata barafu inayorudi nyuma. Barafu kwa krili ni zaidi ya baridi: buu lake hujilisha majira ya baridi kwa mwani unaoota chini ya paa la barafu.

Wengine hawakukubali. Mwaka 2018 Martin Cox na wenzake walizipitia hesabu za nyavu kuanzia 1976 kwa njia nyingine ya takwimu, wakasema hawaoni ushahidi wa kupungua. Nyavu hazikuwa za ukubwa mmoja, wala hazikushushwa saa moja wala kina kimoja. Na krili ana macho, akiuona wavu mchana huukwepa. Haeckel angetabasamu. Kwa sababu hiyo siku hizi wanatumia sauti pia: meli hupiga mlio kuelekea chini na kuusikiliza mwangwi wa kundi. Upimaji mkubwa wa namna hiyo ulifanywa mwanzoni mwa mwaka 2000 kwa meli nne, za Japani, Urusi, Uingereza na Marekani. Hesabu yake, baada ya kusahihishwa mara kadhaa, ilifika tani milioni 60.3 katika eneo la Atlantiki. Upimaji wa mwaka 2019 ulipata tani milioni 62.6. Namba hizo mbili zinakaribiana, lakini kati yake kuna miaka 19 ambayo haikupimwa hivyo, na vifuu viwili vya maji havielezi mawimbi yaliyopita katikati.

Hesabu hizi si za kujifurahisha. Krili sasa wanavuliwa, watengenezewe chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Mkataba wa kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika ulitiwa saini Canberra mwaka 1980 ukaanza kutumika 1982, na chini yake uvuvi katika eneo la Atlantiki uliwekewa kikomo cha tani 620,000 kwa msimu. Kikomo hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, uvuvi ukafungwa kabla ya msimu kwisha. Ni sehemu ndogo ya jumla, watasema wavuvi. Lakini tani hizo huchukuliwa palepale penye makundi mazito, ambapo ndipo pengwini na nyangumi nao hula.

Na hapo hesabu imeleta somo ambalo Kamati ya 1925 haikuweza kulikisia. Watu wengi walidhani nyangumi wakiisha, krili watazidi, kama mtama unavyozidi ndege wakifukuzwa. Mwaka 2021 watafiti waliowafuatilia nyangumi kwa vifaa vya kisasa walikadiria kwamba kabla ya kuuawa kwao, nyangumi wa kusini walikuwa wakila takriban tani milioni 430 za krili kila mwaka. Hizo ni nyingi kuliko kadirio la mwaka 2009 la krili wote wa Bahari ya Kusini, tani milioni 379. Mlaji ameondoka na chakula hakikuongezeka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kinyesi cha nyangumi huyarudishia maji ya juu madini ya chuma, ambayo ni haba mno katika bahari ile. Chuma hukuza mimea, mimea hukuza krili. Aliyedhaniwa kuwa mwizi wa shamba alikuwa ndiye anayelitia mbolea.

Pwani ya Afrika Mashariki haiko nje ya hesabu hii. Kila mwaka, takriban kati ya Julai na Oktoba, kusi inapovuma, nyangumi wenye nundu hupita Unguja na kuendelea hadi maji ya Kenya. Huja kuzaa na kulea katika joto, na katika safari hiyo hula kidogo sana au hawali kabisa. Maziwa wanayowanyonyesha watoto wao mbele ya visiwa hivi yametokana na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini tangu kiangazi cha kusini, na mafuta hayo ni krili. Mvuvi anayeuona mgongo ule ukichomoza na pumzi ikiruka kama moshi, huutazama wekundu ule wa Antaktika uliokwisha kugeuzwa nyama. Kwamba wanarudi, na kwa idadi inayoongezeka, ni matunda ya kuachwa kuuawa. Kama watapata cha kula huko watokako, ni swali lililo bado ndani ya chupa.

Wanaume wale wa 1925 walitumwa kuhesabu ili mali idumu kuvunwa, na mali haikudumu. Kilichodumu ni uaminifu wa daftari: saa, kina, joto, wangapi. Hawakuandika walichotamani kukuta. Waliandika hata wavu uliorudi mtupu. Ni wavu huo mtupu wa mwaka 1926, ulioandikwa kwa wino pamoja na nambari ya kituo chake, unaowawezesha waliozaliwa baadaye kujua kama wavu mtupu wa leo ni wa kawaida au ni msiba. Chungu hawezi kuinywa bahari. Aweza kukihesabu kifuu chake kwa haki, akakiacha mahali ambapo chungu atakayekuja ataweza kukiona.